Kumtafuta babu Mskoti wa Paisley kwa karatasi za nyumbani: majina yanafanana, nianzie wapi?

Dala_Ziwani

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mwongozo kwa wanaozijua rekodi za Scotland.

Nyanya yetu alizaliwa Kisumu mwaka 1909. Baba yake alikuwa Mskoti wa Paisley, fundi mitambo wa meli za ziwani. Hapa nitamwita Robert Muir. Si jina lake, ila ni la kawaida kama lake, na taabu yenyewe iko hapo. Nyumbani tuna vitu hivi:

Biblia kubwa ya Kiingereza yenye ukurasa wa kuandikia waliozaliwa. Juu umechanika, majina ya wazazi yamekwenda na kipande hicho. Waliobaki ni Marion, Robert, Gavin, Janet na Agnes. Tarehe zipo, lakini ya Robert imeliwa na unyevu: inasomeka 187, tarakimu ya mwisho haipo.

Barua isiyo na bahasha, imetiwa sahihi na dada yake Jessie. Kwenye Biblia hakuna Jessie.

Picha yake ya ujanani, nyuma ina jina na mtaa wa studio ya Paisley.

Nishani moja ya fedha.

Cheti cha ubatizo cha nyanya, 1912, chenye jina la mama yake peke yake.

Kwenye faharasa ya ScotlandsPeople (tovuti rasmi ya rekodi za Scotland) nimepata akina Robert Muir wanne wa Paisley kati ya 1873 na 1875. Kila picha ya cheti ni pesa. Nitamjuaje wa kwetu bila kuwanunua wote?

---

KaratasiZaKale

Waache hao wanne kwanza. Anza na Gavin.

Robert ni wengi, Gavin ni wachache, na faharasa unaitafuta bure; unalipa tu ukitaka kuona picha ya ukurasa wenyewe. Tarehe ya Gavin unayo kamili kwenye Biblia, kwa hiyo mtafute kwa mwaka wake, Paisley, kisha fungua picha moja hiyo. Picha ya cheti ni krediti 6, na krediti zinauzwa kwa mafungu ya 30 kwa pauni 7.50 (tazama bei kabla hujalipa). Fungu moja linatosha kumaliza kazi yako ukilipanga vizuri.

Sababu ya kuanza na ndugu ni hii. Uandikishaji wa serikali Scotland ulianza tarehe 1 Januari 1855, na cheti chao cha kuzaliwa kina kitu ambacho cha England hakina: tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Kilikuwamo 1855, kikaondolewa 1856, kikarudishwa 1861 na kubaki. Kwa hiyo cheti cha Gavin kitakupa jina la baba na kazi yake, jina la mama pamoja na jina la kwao kabla ya kuolewa, na tarehe ya ndoa yao. Hiyo tarehe ya ndoa iandike pembeni. Robert yeyote ambaye cheti chake kina tarehe ileile, mahali palepale na mama yuleyule ni ndugu wa Gavin. Asiye nayo ni Muir wa watu wengine, hata kama baba anaitwa vilevile.

Ila usifungue akina Robert kwa kubahatisha. Krediti 6 za pili zitumie kwenye sensa ya 1881. Mtafute Gavin huyohuyo kwa jina na umri, fungua ukurasa, utaona nyumba nzima: wazazi, watoto, umri, kazi, na parokia aliyozaliwa kila mmoja. Sensa ile ilihesabu waliolala nyumbani usiku wa tarehe 3 Aprili 1881. Robert akiandikwa miaka 7, amezaliwa kati ya Aprili 1873 na mwanzo wa Aprili 1874. Sasa wanne wamekuwa mmoja au wawili. Umri wa mtoto mdogo kwenye sensa huwa wa kuaminika kuliko wa mtu mzima, kwa sababu mama alikuwa bado anakumbuka.

Krediti 6 za tatu: cheti cha Robert aliyebaki. Za nne: ndoa ya wazazi. Hii usiiruke, ndiyo yenye mafuta. Cheti cha ndoa cha Scotland kinataja baba na mama wa bwana harusi na wa bibi harusi, na mama wote wawili kwa jina la kwao. Yaani kwa picha moja unapanda kizazi kizima pande mbili. Mzazi aliyekuwa amefariki ameandikiwa "deceased" pembeni, kwa hiyo unajua pia utafute kifo chake kabla ya tarehe ipi. Kuipata ni rahisi kwa kuwa faharasa ya ndoa inakubali majina mawili ya ukoo kwa pamoja. Weka Muir upande mmoja na jina la kwao mama upande wa pili.

Za tano: sensa ya 1891, ambapo anapaswa kuwa kijana wa miaka 15 hadi 18. Tazama safu ya kazi. Ukimkuta mwanagenzi wa ufundi mitambo au wa boila, unajua anakoelekea. Hapo fungu lako la 30 limekwisha.

Sasa rudi kwenye Biblia, maana hujaisoma yote. Wazazi wa Kiskoti wengi walifuata utaratibu wa kutoa majina: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama mwenyewe. Ukisoma orodha yako hivyo: babu mzaa baba ni Robert Muir, babu mzaa mama ni Gavin, mkewe ni Marion, bibi mzaa baba ni Janet, na mama yao, ambaye jina lake limechanika, ni Agnes. Ni desturi, si sheria, na kuna waliogeuza. Lakini ukifungua ndoa ya wazazi ukakuta bibi harusi ni Agnes binti wa Gavin na Marion, huna haja ya ushahidi mwingine.

Na Jessie wenu yumo kwenye Biblia. Ni Janet. Waskoti huita Janet Jessie, kama vile Peter na Patrick wanavyobadilishana, na Donald na Daniel. Kwenye faharasa jaribu yote.

---

MamaNasaba

Nakubaliana na Karatasi, naongeza mitego mitatu.

Wa kwanza ni mtoto aliyefariki. Mtoto akifa mdogo, jina lake lilirudishwa kwa anayefuata, hasa likiwa la babu. Unaweza kukuta Robert wawili wa mama mmoja, mmoja wa 1872, mwingine wa 1874. Kabla hujamkubali Robert wako, tafuta bure kwenye faharasa ya vifo mtoto wa jina hilo Paisley kuanzia mwaka aliozaliwa hadi 1881. Cheti cha kifo cha Scotland kina majina ya baba na mama, hivyo ukifungua kimoja utajua ni wa nyumba hiyo au la.

Wa pili ni pembezoni mwa ukurasa. Ukiona maandishi membamba yanayotaja rejista ya masahihisho, usiyapite. Hiyo ni rejista ya pembeni ambako waliandika yaliyobadilika baadaye: hukumu ya mahakama kuhusu baba wa mtoto, au matokeo ya uchunguzi wa kifo cha ghafla. Bila kuifungua unabaki na nusu ya habari, tena pengine ile nusu isiyo sahihi.

Wa tatu ni mwaka wa Biblia yenyewe. Angalia mwaka wa kuchapwa kwenye ukurasa wa kwanza, na kama umetoka tazama ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, ambao mara nyingi una mwaka wake. Biblia ikiwa imechapwa baada ya watoto wa kwanza kuzaliwa, tarehe hizo ziliandikwa kwa kukumbuka. Wino mmoja na mwandiko mmoja kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa mwisho ni dalili ileile. Kosa la siku au mwezi hapo ni la kawaida, lisikufanye umtupe mtu sahihi.

Tena muhimu: usitumie selotepu kwenye hilo chaniko, na usiupeleke ukurasa kuwekewa plastiki. Piga skani ya dpi 600 kwa rangi. Tarakimu iliyofifia mara nyingine huonekana ukiongeza tofauti ya mwanga na giza kwenye picha, au ukiutazama ukurasa kwa tochi iliyolazwa ubavuni.

---

Bandari_Kuu

Upande wa huku kwetu naona haujaguswa.

Paisley na Kisumu zina uhusiano wa wazi. Meli za mwanzo za reli ya Uganda ziwani, William Mackinnon, Winifred na Sybil, ziliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan ya Paisley. Zilifika Mombasa zikiwa vipande, zikapandishwa hadi Kisumu na kuunganishwa hapo. William Mackinnon ilishushwa majini 1900. Fundi wa Paisley kuonekana Kisumu miaka hiyo si muujiza, ila haimaanishi moja kwa moja kwamba aliajiriwa na kampuni hiyo. Usiliandike mpaka ulione.

Kuna kosa ambalo wengi hulifanya: kutafuta kila kitu chini ya Kenya. Kisumu, ambayo wakati ule iliitwa Port Florence, ilikuwa ndani ya Uganda hadi Aprili 1902. Baada ya hapo ikawa Himaya ya Afrika Mashariki (East Africa Protectorate), na jina la Koloni la Kenya likaja 1920. Karatasi ya 1901 inaweza kuwa chini ya Uganda, ya 1910 chini ya East Africa Protectorate. Gazeti rasmi la serikali limewekwa mtandaoni kwa wingi na linatafutika kwa neno. Tafuta matangazo ya mirathi ya marehemu kwa jina lake, miaka miwili mitatu baada ya kifo.

Safari: orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya zipo kuanzia 1890 hadi 1960, asili ziko The National Archives (hifadhi ya nyaraka za taifa) kule Kew, London, na Findmypast wanazo mtandaoni. Asipoonekana, sababu ni mojawapo ya hizi: alivuka Ulaya kwa treni akapanda meli Marseille au Naples, au alisafiri kama mfanyakazi wa meli. Baharia hayumo kwenye orodha ya abiria. Kama alikuwa na cheti cha uinjinia wa meli, rejista za vyeti hivyo ziko hukohuko Kew. Vilianza kutolewa kwa sheria ya 1862.

Kifo: cheti cha mtindo wa England hakitaji wazazi, na ndio mtindo uliotumika makoloni mengi, kwa hiyo usitegemee cheti cha huku kikupe mama yake. Tafuta mali badala ya kifo. Mskoti aliyefia ng'ambo akiwa na akiba benki ya Scotland, mali hiyo ilipitia mahakama ya Sheriff Court ya Edinburgh. Kuna kalenda ya mirathi iliyochapwa kila mwaka kuanzia 1876; tovuti ya Ancestry wanayo hadi 1936. Inaandika jina, mahali alipofia, tarehe, na aliyekabidhiwa mali. Hati za hadi 1925 unazitafuta ScotlandsPeople, na picha ya wosia ni krediti 10.

Nishani, kama ni ya vita: igeuze ubavu. Kwenye ukingo kuna namba, cheo, jina na kikosi vimegongwa. Usiing'arishe kwa dawa ya fedha, utazifuta herufi. Kwa namba hiyo tafuta kadi ya nishani kwanza, kwa sababu kadi nyingi zipo. Majalada ya askari wa vita vya kwanza ni habari nyingine: sehemu kubwa iliungua London kwa mabomu Septemba 1940, kiasi cha asilimia 60. Kutoliona jalada hakuthibitishi kwamba hakwenda vitani.

---

Dala_Ziwani

Asanteni sana. Majibu ya haraka: Biblia imechapwa 1877. Gavin nimempata, mmoja tu kwa mwaka ule. Mama ni Agnes, jina la kwao ninalo. Sensa ya 1881 inamwandika Robert miaka 6. Cheti cha Robert wa Novemba 1874 kina tarehe ya ndoa ya wazazi ileile iliyo kwenye cheti cha Gavin. Kwenye vifo hakuna Robert mwingine wa nyumba hiyo.

Kwenye kalenda ya mirathi nimemwona pia: alifia Kisumu, mali akakabidhiwa dada yake. Nyanya hatajwi popote. Je, hiyo ina maana hakumtambua? Na kuna jamaa ananiambia ninunue kipimo cha DNA, hayo mengine ni kupoteza muda.

---

Wakili_wa_Zamani

Kutotajwa hakuthibitishi lolote, na sheria yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini.

Kwa sheria ya Scotland watoto walikuwa na haki ya fungu katika mali inayohamishika, wosia useme usiseme: theluthi kama mjane yupo, nusu kama hayupo. Lakini haki hiyo ilikuwa ya watoto wa ndoa tu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliipata kwa sheria ya 1968. Wakili wa Edinburgh wa wakati ule hakuwa na sababu ya kuuliza kuhusu mtoto wa Kisumu ambaye kisheria hakudai kitu. Ikiwa wazazi walioana kimila, ni vigumu kuona wangeihesabu ndoa hiyo. Kwa hiyo fungua hati yenyewe, usiishie kwenye kalenda. Tafuta mambo mawili: je, kuna wosia au ni orodha ya mali tu? Kama ni orodha tu, hakuchagua nani apate nini, sheria ndiyo iliyochagua, na dada ndiye alikuwa karibu. Na kama kuna wosia, angalia zawadi ndogo za pesa kwa mtu asiyeelezwa uhusiano wake, au kwa misheni au shule. Fedha za mtoto mara nyingine zilipita huko.

Mnalo jambo la bahati: ubatizo wa nyanya. Kitabu cha ubatizo ni zaidi ya cheti. Nenda kwenye parokia au misheni alikobatizwa, uombe kuuona mstari wenyewe kwenye rejista. Cheti ni nakala ya safu chache. Rejista inaweza kuwa na wasimamizi wa ubatizo, mahali mama anapoishi, na maelezo ya pembeni ambayo mwandishi wa cheti hakuyanakili.

---

MamaNasaba

Kuhusu DNA, jamaa yako amekosea mpangilio, si kifaa. Kipimo kinakuambia una undugu na fulani. Hakikuambii ni kwa njia gani. Bila mti wa ukoo wa Paisley uliokwisha kuujenga, utapata orodha ya watu mia kadhaa usiowajua. Sasa unao, kwa hiyo ndiyo saa yake.

Chagua mtu wa kupimwa kwa hesabu. Wana wa nyanya ni wajukuu wa Robert, wanabeba karibu robo ya DNA yake. Wewe ni kitukuu, una wastani wa asilimia 12.5. Wajukuu wa Gavin au wa Janet ni binamu wa pili wa mama yako au mjomba wako, na wastani wa wanaoshirikiana hivyo ni kama sentimogani 230 (kipimo cha kiasi cha DNA mnachoshirikiana). Wewe na vitukuu wa Gavin ni binamu wa tatu: wastani unashuka hadi takriban 70, na kama mmoja katika kila kumi wa daraja hilo hana hata kipande kimoja kinachoonekana. Mpime mama au mjomba, aliye mkubwa zaidi. Wewe baki.

Usinunue kipimo cha kromosomu Y. Hiyo hupita kwa baba na mwana tu, na nyanya alikuwa mwanamke. Ya Robert haikumfikia. Cha upande wa mama nacho kitakupeleka kwa mama yake nyanya, si Scotland. Unachotaka ni kile cha kawaida cha kromosomu zote. Na zile asilimia za ramani zinazosema umetoka Scotland kiasi gani zitazame kwa kujifurahisha. Ushahidi ni watu wanaolingana nawe na miti yao.

---

KaratasiZaKale

Hongera kwa huyo Gavin.

Kazi inayobaki Scotland ni kushuka, si kupanda tena, ili uwapate hao wa kulinganisha DNA. Chukua Janet kwanza kwa sababu ana barua. Wanawake wa Scotland hubaki na jina la kwao kwenye rekodi, na kifo cha mwanamke aliyeolewa kinatafutika kwa majina yote mawili. Tafuta ndoa yake kwa Janet na kwa Jessie, kisha sensa ya 1901 na 1911, kisha ya 1921 ambayo iko ScotlandsPeople tu. Mbele ya hapo mtandao unafunga mlango: picha za waliozaliwa ni baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Faharasa bado unaiona, na nakala rasmi ya cheti unaweza kuagiza, ila picha huoni nyumbani. Anayekuwa Edinburgh anaweza kuziona kwenye kituo cha ScotlandsPeople, General Register House.

Ukitaka kupanda juu ya ndoa ya wazazi, kumbuka kabla ya 1855 unaingia kwenye vitabu vya Kanisa la Scotland. Vinaandika ubatizo zaidi ya kuzaliwa, mazishi kidogo sana, na familia zilizokuwa katika makanisa yaliyojitenga mara nyingi hazimo. Cheti cha ndoa ya wazazi kinasema ibada ilikuwa ya kanisa lipi. Kama si Kanisa la Scotland, usishangae ukikosa. Waliolelewa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) watavielewa vitabu vya baraza la wazee wa kanisa bila kuelezwa: nani aliitwa mbele ya wazee, kwa kosa gani, nani alikiri kuwa baba wa mtoto. Vingi vimewekwa ScotlandsPeople, unavipitia ukurasa kwa ukurasa bila kulipa, lakini havina faharasa ya majina. Tenga jioni kadhaa.

Picha ya studio tumeisahau. National Library of Scotland wameweka bure vitabu vya anwani vya miji, vya kuanzia 1773 hadi 1911, Paisley ikiwemo. Mtafute mpiga picha mwaka baada ya mwaka. Studio zilihama mitaa mara kwa mara, na miaka ambayo mtaa ule ulioandikwa nyuma ya picha unaonekana kitabuni ndiyo miaka ya picha yenu. Pima pia kadi yenyewe: ikiwa karibu milimita 64 kwa 100 ni ile ndogo ya zamani, ikiwa 108 kwa 165 ni ile kubwa ya kabati, ambayo kwa kijana wa kuzaliwa 1874 ndiyo ningeitarajia. Maelezo yaandike nyuma kwa penseli laini, kwenye pembe, kamwe si kwa kalamu ya wino.